Riwaya ya Robert Westall iliyonijia bila mwisho

Naandika nikiwa bado na hasira, na sitaeleza kitabu kina kurasa ngapi wala kimechapishwa na nani, kwa kuwa hayo kila mtu anaweza kujitafutia. Neno langu ni kwamba duka moja la vitabu vya mitumba, linalouza kwa njia ya intaneti, liliniuzia riwaya ya The Scarecrows ya Robert Westall likidai kwamba nakala iko katika hali nzuri, kumbe kurasa za mwisho hazimo. Jalada lilikuwa safi, na muhuri wa maktaba iliyokiondoa rafuni bado ulisomeka. Lakini ukikifungua kwa nyuma unakuta gundi iliyokauka ikawa kahawia, na mgongoni vimebaki vipande vyembamba vya karatasi pale kurasa ziliponyofoka. Yeyote ambaye angekifunua kabla ya kukitia kwenye bahasha angeliona hilo papo hapo.

Nilimnunulia binti wa dada yangu, ambaye ninaishi naye huku kaskazini mashariki mwa Uingereza, karibu na North Shields alikozaliwa Westall mwaka 1929. Alikuwa amefika mahali ambapo Simon, mvulana wa miaka 13 anayemchukia mchora katuni aliyemwoa mama yake, anaziona zile sanamu za kutishia ndege zikiwa zimesimama shambani, upande wa kinu cha zamani kilichowahi kushuhudia mauaji, na kila anapozitazama tena zimeisogelea nyumba. Kitabu kikakatika. Akanijia nacho mkononi akaniuliza, "Mjomba, zilifika au hazikufika?" Sikuwa na la kumjibu.

Nikapiga simu dukani. Mhudumu hakunisikiliza hadi mwisho. Alinikatiza na kusema kwamba hicho ni kitabu cha watoto tu, na kwamba nikitaka kujua kilivyoisha nisome muhtasari kwenye intaneti. Kurasa kupotea ningeweza kuvumilia, lakini kauli hiyo imenikaa rohoni kwa majuma sasa.

Kitabu cha watoto tu! Westall alikuwa mwalimu wa sanaa huko Cheshire, na riwaya yake ya kwanza, The Machine Gunners, aliiandika kwa ajili ya mwanawe Christopher, ili kijana ajue baba yake aliishi vipi utotoni wakati mabomu ya Wajerumani yakiangukia Tyneside, eneo hilihili la kwao. Ilitoka mwaka 1975 ikapata Nishani ya Carnegie, tuzo ya Uingereza ya vitabu vya watoto, na The Scarecrows ya mwaka 1981 ikampatia nishani hiyo kwa mara ya pili. Katikati ya vitabu hivyo viwili, mwaka 1978, Christopher alifariki katika ajali ya pikipiki akiwa na miaka 18. Mimi siwezi kuisoma The Scarecrows, yenye kijana anayeshindwa kuachana na marehemu baba yake, bila kukumbuka kwamba aliyeiandika ni baba aliyekuwa amemzika mwanawe. Mtu wa namna hiyo hakuandika ili watoto wabembelezwe. Aliwaheshimu kiasi cha kuwaonyesha kwamba chuki iliyomo ndani ya mtu inaweza kuviita vitu vilivyopaswa kubaki vimelala, na ndiyo maana muhtasari hauwezi kushika nafasi ya mwisho wa hadithi kama hiyo: hofu aliyoipanda ukurasa kwa ukurasa ni yeye tu anayejua namna ya kuitua.

Nilikusudia kutoa nyota moja na kuishia hapo. Lakini nikiwa mkweli, hata nakala ile iliyonyofoka ilimfanya mpwa wangu, ambaye simu haimtoki mkononi, aiweke kando jioni nzima, na siku ya mapumziko akaniomba nimpeleke Tynemouth kuliona jumba la waokoaji wa baharini ambalo Westall alilitumia katika The Watch House, riwaya yake ya mizimu ya mwaka 1977. Kitabu kilichofanya hayo nitakiitaje kibovu? Kisha nakumbuka ile sauti ya simuni, na nyota zote zinashuka tena.

Fedha zangu zilirudishwa baadaye, bila hata neno la pole. Mwisho wa hadithi tuliupata katika nakala ya maktaba ya mtaani, na mpwa wangu aliumaliza kwa kikao kimoja, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba Simon alimtia hofu kuliko sanamu zenyewe. Sitawaeleza kinachotokea.

Kwa hiyo mwandishi nampa nyota tano, na duka linapata moja. Nilikuwa nimeandika hapa kwamba mtu asinunue kwao kamwe, lakini nimeifuta sentensi hiyo, kwa sababu binti sasa anaitaka The Wind Eye, riwaya nyingine ya Westall, katika toleo la zamani, na nakala niliyoiona inauzwa kwao. Nimeiagiza. Safari hii nimewaandikia kwamba wanipigie picha ukurasa wa mwisho kabla ya kuituma, na hadi sasa hawajajibu.