Mafundi wa majalada Kariakoo waliotuokolea rafu ya majarida

Kama maktaba yenu ina majarida yaliyojalidiwa halafu mgongoni kumeandikwa upuuzi, kuna kikarakana kimoja Kariakoo, ghorofani, hawana hata bango, wazee wawili na kijana mmoja. Aisee wale watu wanajua kazi.

Tatizo letu lilitoka kwa kampuni nyingine kabisa iliyoshinda tenda. Tuliwapa seti ya Tanganyika Notes and Records, lile jarida lililoanza 1936 enzi za Mwingereza, wao wakagonga TANZANIA NOTES AND RECORDS kwenye migongo yote kuanzia ya kwanza. Sasa 1936 Tanzania ilikuwa wapi jamani? Jina lilikuja kubadilishwa baada ya Muungano wa 1964, kwa hiyo yale ya zamani yote yalitakiwa yabaki Tanganyika. Kuna watu watasema si jarida lilelile tu, mnasumbuka nini. Mwanafunzi anakuja na rejea yake imeandikwa Tanganyika Notes ya 1950, anapita rafu nzima haoni kitu, anarudi kaunta anaambiwa lipo kaangalie vizuri, anaenda tena, mwishowe anaondoka akijua hatuna. Na lile jarida la Swahili ambalo baadaye likaitwa Kiswahili nalo walilifanyia hivyohivyo, yote Kiswahili.

Tulipolalamika wakatuletea stika. Stika nyeusi za kubandika! Kwa joto la Dar gundi ikalainika ikatoka pembeni, vumbi likanasa humo, pembe zikaanza kujikunja, na ukiibandua inaacha utando unaonata kwenye kitambaa.

Hawa wa Kariakoo mzee wa kwanza hakugusa hata mashine. Alitaka juzuu moja ya zamani yenye maandishi sahihi, akaweka karatasi nyembamba juu ya mgongo akasugua na penseli taratibu mpaka herufi zote zikajitokeza kwenye karatasi, akapata saizi ya herufi, umbali kutoka chini na mstari wa mwaka unapokaa. Ndiyo maana sasa ukisimama mbele ya rafu miaka imejipanga mstari mmoja, huhitaji kuinamisha shingo juu chini kama unatafuta sindano.

Mimi nilidhani atakwangua ile dhahabu ya maandishi agonge upya yaishe. Akanionyesha kwa kidole, ile foili, yaani utando mwembamba wa rangi ya dhahabu, inashikishwa kwa moto na herufi za chuma zinabonyeza kitambaa, sasa ukikwangua rangi inatoka lakini mabonyeo yanabaki, ukigonga jina jipya hapohapo utakuwa unasoma majina mawili kwa mpigo. Alichofanya ni kukata lebo za ngozi nyeusi nyembamba, akagonga maandishi zikiwa bado bapa mezani, akapunguza kingo kwa nyuma na kisu mpaka zikawa kama karatasi, ndipo akabandika juu ya makosa na gundi nyeupe na kusugua na kijimfupa cha kulainishia. Pitisha kidole, huoni inapoanzia. Ile iliyokosewa mwaka tu aliiwekea kilebo cha mstari mmoja, hakufunika mgongo mzima.

Na kabla ya moto wanakupigia kwanza herufi kwenye karatasi ya kawaida usome usaini. Hapa ndipo waliponimaliza kabisa, maana kwenye moja tuliona RECROD, ikatolewa ikapangwa upya, wala hakuna aliyenuna. Ile kampuni ya tenda ingekuwa na hiki kikaratasi tu tusingefika huku.

Bei ni elfu sita kwa mgongo. Kujalidi upya tulikuwa tumetajiwa elfu thelathini na juzuu ikirudi imekatwa kingo tena, pambizo zinazidi kuliwa, kwa hiyo kwangu hakuna mjadala.

Mabaya yapo. Wako polepole, wakisema wiki ijayo we hesabu mwezi, na WhatsApp wanasoma hawajibu. Dhahabu yao inang'aa kuliko ya zamani, ukiangalia kwa mbali unajua kabisa zipi zimeguswa, mimi hainisumbui ila mkutubi wetu mkuu alikunja uso. Kwenye juzuu nyembamba lebo haijakaa vizuri, mgongo hauna nafasi, maandishi imebidi yalazwe kwa urefu na yamebanana. Hizo ningewaambia tu wabadilishe kitambaa cha mgongo chote.

Ukienda beba orodha iliyochapwa, kila mgongo na maneno yake, juzuu, toleo na mwaka. Jina lichukue kwenye ukurasa wa mbele wa jarida lenyewe, usinakili kwenye kompyuta, maana katalogi yetu ilikuwa na jina jipya tu na nahisi kampuni ya kwanza ilipotelea hapohapo. Nenda asubuhi, na Ijumaa mchana wanafunga wanaenda kuswali.