Kigramafoni cha mkoba kutoka Kiboriloni: mashine nyota mbili, Doris Day nyota tano (upande wa A)

Nianze na mashine maana ndo niliyonunua kwa akili zangu, huyu mama, Doris Day mwimbaji wa Marekani, nilibebeshwa tu.

Mwezi uliopita nilishuka soko la Kiboriloni, Moshi, kutafuta mapazia nikarudi na kigramafoni. Ni vile vya mkoba, unafunga unabeba kama fundi anaenda saiti, ndani kuna sahani ya kuzungusha, mkono wenye sindano na vispika viwili vidogo kama vifuniko vya chupa ya chai. Chalii akaanzia laki na nusu, tukavutana tukaishia elfu 85, af akanisukumia na santuri moja kwa elfu 10 maana alisema inakaa pale tangu Pasaka hakuna anayeiuliza. Kwenye kava kuna mdada wa kizungu nywele za njano anacheka meno yote nje. Doris Day. Mi nilikuwa namjua kwa ule wimbo mmoja wa ke sera sera ambao hata asiyejua Kiingereza anauimba.

Nafika nyumbani, nachomeka, nashusha sindano, anaimba mwanaume! Sauti nzito inajikokota kama mzee aliyelala na pombe ya mbege. Nikadhani nimekosea spidi, maana ina 33, 45 na 78 (mizunguko kwa dakika), nikacheki iko 33 kabisa, bado mzee. Nikapeleka kwa fundi mmoja mjini, hakumaliza hata dakika, akasema mkanda umelegea. Ni kale kampira kanakozungusha sahani, kakichoka spidi inashuka na sauti inashuka nayo. Elfu 7 akabadilisha. Kwa hiyo we ukienda kununua usiridhike na kuonyeshwa taa inawaka, taa haiimbi, beba santuri unayoijua wakupigie hapo hapo. Af vile vispika havina besi hata ya kusingizia, nilivyochomeka kwenye sabufa ya sebuleni ndo nikaanza kusikia muziki.

Na hapo ndo nilipokaa chini.

Upande wa A ni nyimbo alizopiga na bendi ya Les Brown, na kuna ule wa Sentimental Journey. Bendi inaanza yenyewe taratiibu, saksafoni zinatembea kama watu waliochoka wanarudi kutoka shamba, unasubiri mwimbaji haji, unasubiri, ndo anaingia mwanamke anaimba kwa sauti ya chini kabisa kama yuko pembeni yako kwenye kochi. Anaimba kidogo anawaachia wenzake. Mtu aliyekulia kwenye muziki wa dansi atanielewa, ule ustaarabu wa mwimbaji kukaa akisubiri tarumbeta wamalize yao. Hang'ang'anii maiki.

Wimbo wenyewe ni wa mtu anayerudi kwao kwa treni anahesabu maili za reli. Walikuwa wanaupiga ukumbini ila kurekodi ikashindikana, wanamuziki wa Marekani waligoma kurekodi kuanzia 1942 wakidai mgao kwenye mauzo ya santuri, ikabidi usubiri mpaka Novemba 1944 mgomo ulivyoisha. Ukatoka 1945, vita inaisha, wanajeshi wanataka kwao. Lazima ungeshika namba moja. Mchaga wa Dar akiusikia tarehe 20 Desemba ananunua tiketi ya basi papo hapo.

Ila kilichonimaliza ni kwamba treni ndo ilimvunja mguu. Alikuwa mcheza dansi kabinti ka miaka 15, 1937 gari alilopanda likagongana na treni, mguu wa kulia ukavunjika, kucheza basi. Akawa amelala nyumbani na redio anamfuatisha Ella Fitzgerald mstari kwa mstari. Shule yake ya kuimba ilianzia hapo. Jina la kwao ni Kappelhoff, kiongozi wa bendi yake ya kwanza Barney Rapp akaona halitaenea kwenye bango akampa Day.

Kava linasema alizaliwa 1924. Sio kweli na sio kosa la waliochapa, mwenyewe aliamini hivyo karibu maisha yote, mpaka 2017 waandishi wa habari walipochimbua cheti cha kuzaliwa wakakuta 1922. Nilimsomea babu akacheka mpaka akakohoa, yeye alizaliwa "mwaka wa nzige" na serikali ikamchagulia Januari mosi.

Upande wa B sasa. Hapa ni Doris wa sinema, alitoka kwenye bendi 1946, na kabla mwaka haujaisha bendi kubwa kadhaa zikavunjwa, mchezo kulipa watu zaidi ya kumi na tano kila wiki! Sinema ya kwanza 1948, na 1959 akacheza ile iliyomfikisha kwenye kugombea Oscar. Kuigiza anajua, ila kwenye santuri wamemjazia vinanda mpaka unasikia sukari kwenye meno. Ke sera sera yenyewe humu inaboa, samahani. Katafute ile sinema ya mwongozaji Hitchcock ya 1956, The Man Who Knew Too Much, ndo utaelewa, mle ni mama ambaye mtoto wake katekwa kafichwa ghorofani, anaimba kwa nguvu makusudi ili mtoto amsikie. Wimbo ule ule, unatetemeka.

Na lile cheko la kwenye kava msilichukulie poa. Mume wake wa tatu, Martin Melcher, ndo alikuwa meneja wake pia, alivyofariki 1968 mama akakuta hela zote za miaka ishirini hazipo, ana madeni, na ameshasainiwa kipindi cha TV bila kuambiwa. Akaenda kukifanya, miaka mitano. Akamburuza yule wakili aliyekuwa anashika hela, 1974 mahakama ikampa zaidi ya dola milioni 22. Kulipwa zote ni habari nyingine. Baada ya hapo akahamia kwa mbwa, akawaanzishia mpaka taasisi, amefariki 2019 na miaka 97, akaagiza asifanyiwe msiba wala asiwekewe jiwe la kaburi. Hilo la msiba huku kwetu ukoo usingekubali kamwe.

Mashine ikizidi elfu 60 achana nayo. Santuri siuzi, babu ameshahamishia kiti chake karibu na sabufa, na upande wa B kaupiga marufuku.