Vijana wa gadeni waliokuja kwangu Buswelu, Mwanza: nyasi wanazijua, saa hawaijui

Nilikuwa nimefika hatua ya kutaka kung'oa ukoka wote nimwage kokoto, maana mwezi wa saba gadeni yangu ilikuwa kama uwanja wa mpira wa shule ya msingi, vumbi katikati nyasi pembeni, na hapo kila jioni nasimama na mpira wa maji nusu saa nzima mpaka kiuno kinauma. Jirani ndo akaniletea hawa vijana wawili, wana mashine ya petroli wanaibeba kwenye bodaboda, hata jina la kampuni sijui kama wanalo, kwenye simu nimewasevu "Gadeni" basi.

Siku ya kwanza tuliahidiana saa moja asubuhi, wakatokea saa nne na nusu. Nikanuna. Ila yule mkubwa badala ya kuwasha mashine akaomba bisibisi ndefu, akaichoma chini, ikaingia kama nusu kidole ikagoma. "Mama, maji yako yote yanaishia hapa, chini pakavu, ndo maana mizizi imebaki juu juu." Tukapima, mpira wangu unajaza ndoo ya lita 20 kwa dakika moja na nusu, yaani nusu saa ni lita 400, na gadeni ni mita za mraba 80, kwa hiyo kila mita nilikuwa naipa lita 5 tu, jua la kesho yake linazinywa zote! Akanipangia mara mbili kwa wiki, kila mara lita 1000, simtanki moja nzima, asubuhi kabla jua halijawaka, sio jioni maana majani yakilala na maji yanaota ukungu. Halafu kwa vile kwangu ni mteremko namwagia nusu, nasubiri ardhi inywe, narudia nusu nyingine, la sivyo yote yanakimbilia getini. Piga hesabu mwenyewe, zamani nilikuwa natumia lita 2800 kwa wiki, sasa ni 2000, na nyasi ziko kijani. Mvua zikianza naacha kabisa.

Kuna sehemu moja ambayo ilishindikana, pale juu ya jiwe. Nyumba ya Mwanza na jiwe si mnajua, udongo pale ni vidole vinne tu halafu mwamba. Wangeweza kunila hela kila mwezi kwa kupafufua ila waliniambia tu pale mama achana napo, tukatoa nyasi jiwe likabaki wazi, watoto ndo kiti chao sasa. Kwa hilo tu niliwapenda.

Kukata nako wako vizuri, fundi wa zamani alikuwa ananinyolea upara eti zikae muda mrefu bila kuota, kumbe ndo anaziua. Hawa wanaacha kama sentimita 4 na hawaondoi zaidi ya theluthi moja kwa mkupuo, kwa hiyo masika wanakuja kila wiki, kiangazi hata wiki tatu zinapita. Vipande vifupi wanaviacha hapohapo vioze, ni mbolea ya bure. Ila ile mara ya pili walikuja na kisu butu, nyasi zikachanika badala ya kukatika, kesho yake ncha zote nyeupe kama zimepigwa baridi, na nimewasema mara tatu ndo wakakinoa.

Mbolea ndo nilikuwa naogopa zaidi maana yule wa zamani alinimwagia kilo 5 za urea saa sita mchana bila tone la maji, ukoka ukaungua mabaka mabaka. Hawa walitumia gramu 800 tu kwa gadeni yote, urea ni asilimia 46 naitrojeni sio ya kumwaga kama chumvi kwenye ugali wa mlevi, wakaigawa mara mbili, nusu wakirusha kwa kwenda na nusu kwa kukatiza, majani yakiwa makavu, kisha maji papo hapo. Wanaweka mwanzo wa masika na mwanzo wa vuli, kiangazi hawagusi. Sasa hao hao waliojua hivyo wakaniletea kiroba cha samadi ya ng'ombe ambayo haijaiva, nikavuna mchicha pori wiki tatu mfululizo, na kung'oa walitaka nilipe pembeni aisee. Nikakataa, wakang'oa wenyewe huku wamenuna.

Bei ni elfu 25 kwa kila wakija, petroli yao. Nawapa 7 kati ya 10, hizo 3 zote ni za kuchelewa na ile samadi. Ukiwaita waambie saa kumi na mbili, watafika saa tatu.