Cyrankiewicz na Pużak: njia mbili za wasoshalisti wa Polandi

Józef Cyrankiewicz na Kazimierz Pużak walitoka katika chama kimoja, Chama cha Kisoshalisti cha Polandi (PPS), na wote wawili walikuwa wameonja jela kabla ya wakomunisti kushika dola: Cyrankiewicz katika kambi ya Wanazi ya Auschwitz, Pużak katika ngome ya Shlisselburg nchini Urusi enzi za mfalme wake, Tsar.

Pużak, aliyekuwa katibu mkuu wa chama kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, alikataa kuwatambua watawala wapya. Mwaka 1945 alihukumiwa huko Moscow pamoja na viongozi wengine wa harakati za siri za Polandi zilizowapinga Wanazi, akarudi nyumbani, akakamatwa tena mwaka 1947, na hatimaye akafia katika gereza la Rawicz mwaka 1950.

Cyrankiewicz alichagua kukaa mezani na wenye nguvu. Alipata uwaziri mkuu mwaka 1947, na Desemba 1948 akakiingiza chama chake katika kile cha wakomunisti, jambo ambalo, kwa maoni yangu, lilikuwa kumezwa zaidi kuliko kuungana. Wafanyakazi wa Poznań walipoandamana Juni 1956, ni yeye, msoshalisti wa zamani, aliyetangaza redioni kwamba atakayeinua mkono dhidi ya utawala wa umma atakatwa mkono huo. Hata hivyo aliendelea kuwa waziri mkuu hadi Desemba 1970, mwezi uleule aliotia saini mkataba na Willy Brandt, kansela wa Ujerumani Magharibi, jijini Warsaw, na askari wakawapiga risasi wafanyakazi wa pwani ya Baltiki.