Sabufa ya chumba kimoja: ipi ununue ukiwa na laki tatu

Sabufa yangu ya kwanza niliinunua Kariakoo kwa masikio ya muuzaji. Aliiweka mlangoni, akachomeka flashi yake, akapandisha sauti mpaka wapita njia wakageuka. "Bosi, huu ndio mziki mnene. Ukiwasha Sinza, Mwenge wanasikia." Nikalipa, nikaita bodaboda.

Chumba changu kilikuwa cha mita 3 kwa 3.6: kitanda, kabati, feni na ndoo ya maji. Nilipoiwasha usiku ule, besi ilivimba ikawa mvumo mmoja usio na mwanzo wala mwisho. Mwimbaji alizama. Dirisha la aluminiamu likaanza kuimba kwa zamu yake. Siku ya tatu mama mwenye nyumba aligonga: "Mwanangu, hiyo ngoma yako inanipiga kifuani, na mimi nina presha." Sabufa haikuwa mbovu hata kidogo, ila niliichagua kwa kuisikiliza mahali ambapo nisingeishi nayo.

Duka la pale liko wazi upande mzima wa mbele. Besi inatoka inakwenda zake barabarani, na kelele za magari zinameza inayobaki, ndiyo maana dukani kila sabufa ndogo inaonekana dhaifu na mteja anaishia kuchukua kubwa. Chumba cha kupanga ni kinyume chake. Sauti ya hezi 57, yaani mitetemo 57 kwa sekunde, ina wimbi lenye urefu wa mita 6 hivi, na mita 3 kutoka ukuta hadi ukuta ni nusu yake kamili. Wimbi linagonga, linarudi, linajijumlisha juu ya jingine. Upande wa mita 3.6 nao unafanya hivyo karibu na hezi 48. Kwa bahati mbaya huko huko ndiko linakokaa dramu la mguu, na ndiko besi ya amapiano inakozungukazunguka. Kwa hiyo chumba chako ni ampu (kikuza sauti) ya pili ambayo hukuilipia.

Tena ukuta hauizuii besi kama unavyozuia maneno. Katika nyumba nyingi za vyumba sita na korido katikati, kuta za ndani hata hazifiki kwenye bati. Jirani hasikii wimbo. Anasikia mdundo wake tu, na huo ndio unaoudhi. Kanuni za mazingira za Tanzania za mwaka 2015 zinataja kelele na mitetemo pamoja, na aliyeandika hivyo nadhani amewahi kupanga.

Sasa wati. Boksi likiandikwa wati 8,000 PMPO, yaani kilele cha kupaka rangi kwenye tangazo, lisome kama unavyosoma "bei ya kutupa". Namba inayohesabika ni RMS, yaani nguvu inayotoka mfululizo, na isipoandikwa, geuza sabufa utazame kibandiko cha nyuma. Kitakuambia inakula umeme kiasi gani: labda volti 230, wati 60. Hakuna ampu inayotoa kwa kudumu zaidi ya inachokula, kwa hiyo hizo 8,000 zimekuwa chini ya 60 bila mabishano. Wala hazikupi hasara: wati 30 za kweli zinatosha na kubaki kwenye chumba cha mita 10 za mraba. Hata kama ingekula hizo 60 zote mfululizo, ingechukua karibu saa 17 kumaliza uniti moja ya LUKU, kwa hiyo ukisikia mpangaji mwenzako analalamikia sabufa yako kwenye kugawana umeme, mwoneshe pasi yake.

Upimaji wangu dukani una hatua chache. Nabeba simu yenye waya wa AUX na nyimbo mbili ninazozijua mpaka pumzi za mwimbaji. Nasikiliza kwa sauti ndogo kwanza, maana usiku ndivyo nitakavyosikiliza. Kisha nashusha sauti mpaka sifuri na kuweka sikio karibu: ikivuma yenyewe, itavuma pia saa nane za usiku ukiwa unajaribu kulala. Kama ni ya mtumba, nabonyeza koni (ile sehemu ya spika inayotetemeka) taratibu kwa vidole vilivyotandazwa pande zote. Ikikwaruza, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) imekwisha pinda au kuungua. Natazama pia mpira wa pembeni ya koni, kwa sababu sponji za zamani huoza na joto la pwani. Mwisho napigisha mlio wa hezi 50 kutoka programu ya simu. Boksi lililoundwa vibaya litapiga kelele za mbao, na tundu lake la hewa litapumua kama mtu aliyetoka kukimbia.

Kwa laki tatu, hivi ndivyo ningezipanga.

Ya kwanza, na sina mashaka nayo: spika za kompyuta za 2.1 (spika mbili ndogo na sabufa moja) zenye jina, za mtumba. Logitech, Edifier, Creative, Altec Lansing. Hizi zilitengenezwa kwa mtu aliyekaa mita moja au mbili kutoka kwenye spika, na huyo ndiye wewe hapo kitandani. Wati zao huandikwa kwa RMS bila aibu: Logitech Z313 ni 25, Z333 ni 40. Z623 ina 200 na kwa chumba hiki ni fujo, ingawa ukiikuta kwa bei ya huruma najua hutanisikiliza. Ila uikague kwanza: vitasa vyote vya Z623 viko kwenye spika ya kulia, na waya wake mnene ndio unaoiwasha sabufa. Muuzaji akikuambia spika ya kulia ilipotea, umekuta boksi la kuwekea glasi. Na uulize volti kila mara. Vitu vilivyotoka Marekani vya volti 120 ukivichomeka kwenye 230 yetu bila transfoma, vinatoa moshi kabla ya wimbo.

Ya pili ni sabufa mpya ya dukani ya 2.1, boksi la mbao, spika ya inchi 6 na nusu au 8. Hapa ndipo zilipo Sea Piano, Aborder na wenzao, na Kenya, wanakoziita wufa, utakutana zaidi na Sayona na Vitron. Faida yake ni mambo ya nyumbani: bluutuu, redio, flashi, rimoti, na fundi yeyote wa mtaani anaijua ndani nje. Mimi nitakachokitafuta ni kimoja tu, kitasa cha besi kilichojitenga na cha sauti. Nyingine zina kitasa cha sauti peke yake na taa saba za rangi. Ziache. Usiku unahitaji kupunguza besi bila kumpunguza mwimbaji, la sivyo utabaki kuzima. Pima pia uzito kwa mikono yako: boksi la mbao nzito linanyamaza lenyewe na kuacha spika iongee, jepesi linaongea pamoja nayo.

Ya tatu ni ya fundi. Unanunua spika ya inchi 8, ampu ndogo ya bodi yenye chipu ya TPA3116, adapta ya volti 19 ya laptopu iliyokufa, na fundi anakuchongea boksi la MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa). Sauti inaweza kuwapita wote waliotangulia, na inaweza kuwa aibu, kwa sababu ujazo wa boksi unapaswa kufuata spika na mafundi wengi hufuata ubao uliopo. Nenda nayo kama una fundi uliyesikia kazi yake kwa masikio yako.

Sabufa ya peke yake yenye ampu ndani, kama Polk PSW10 ya inchi 10 na wati 50, ningeiweka ya nne, tena kwa mwenye spika na ampu tayari. Ni chombo kizuri, ila kinaongeza besi kwenye mfumo uliopo, hakiimbi chenyewe. Anayeanza na sifuri atamaliza laki tatu zake na bado hana mahali pa kusikia gitaa.

Saundbaa (spika ndefu ya kuweka chini ya tivii) yenye sabufa isiyo na waya inafaa kama una tivii na unaangalia filamu kuliko kusikiliza muziki. Basi.

Zilizobaki sinunui. 3.1 na 5.1 za spika ndefu za kusimama zinahitaji sebule. Chumbani moja itakaa nyuma ya mlango na nyingine itatundikwa nguo. Na kuna mtego mmoja unaokamata watu kila mwezi: sabufa moja iliyotolewa kwenye seti ya home theatre ya Sony, LG au Samsung, inauzwa bei ya mboga. Nyingi ya hizo hazina ampu ndani. Ni spika kwenye boksi, na plagi yake inaingia kwenye mashine yake tu. Tazama nyuma: kama hakuna waya wa umeme, umepata stuli.

Ukishaileta nyumbani, usiitupe kwenye kona. Kona inaikuza besi, na chumba kidogo hakihitaji msaada huo. Iweke kwanza kitandani, pale kichwa chako kinapokuwa, washa wimbo wenye besi inayotembea, kisha tambaa sakafuni ukisikiliza kandokando ya kuta. Ndiyo, utaonekana kituko, funga mlango. Utapita sehemu besi inapovimba, sehemu inapopotea kabisa, na mahali fulani utasikia noti moja moja zikitengana. Hapo ndipo uiweke, na kipande cha kandambili chini ya kila mguu ili isiongee na sakafu ya jirani. Yangu iliishia katikati ya ukuta mrefu, sentimita 40 kutoka kwenye kabati, mahali nilipokuwa nimeweka ndoo.