TAHADHARI: Sponji za "kuzuia sauti" zinazouzwa Kampala, msitoe pesa zenu

Ndugu zangu mnaoishi nyumba pacha huku Kira, Najjera, Namugongo na kwingineko, ukuta mmoja familia mbili, someni hili kabla hamjamtumia mtu pesa.

Kuna wauzaji wanaozunguka mitandaoni na vipande vya sponji nyeusi vyenye matuta kama trei ya mayai. Wanaapa kwamba ukivibandika ukutani humsikii jirani tena. Sisi tulilipa shilingi 1,400,000 kwa ukuta wa chumba cha kulala. Wakabandika ukuta mzima, wakaondoka. Usiku uleule mtoto wa jirani alilia na tukamsikia mama yake akimbembeleza, neno kwa neno. Kumpigia muuzaji, anasema inatakiwa safu ya pili, kwa bei ileile.

Jihadharini hasa na lile onyesho la sanduku. Anaweka simu inayopiga muziki ndani ya sanduku la mbao lililobandikwa sponji, anafunga kifuniko, muziki unafifia. Mwambieni abandue sponji yote kisha afunge kifuniko kilekile. Kazi kubwa inafanywa na mbao na kifuniko kilichobana. Akishabandika nyumbani kwako atapiga makofi katikati ya chumba akuulize kama husikii tofauti. Utaisikia, kwa sababu mwangwi wa chumba chako umepungua. Hiyo ndiyo kazi halisi ya sponji hizo, na ndiyo maana zimejaa studio za redio. Sauti inayotoka upande wa pili haizihusu.

Walituonyesha pia karatasi iliyoandikwa NRC 0.80, wakasema maana yake asilimia 80 ya kelele za jirani zinazuiwa. Uongo mtupu. NRC hupima sauti inayofyonzwa ndani ya chumba hichohicho. Sauti inayopenya ukuta hupimwa kwa STC au Rw, na karatasi ya hicho hawana.

Kinachozuia sauti ni uzito na kuziba mianya. Sponji ya sentimita 2.5 haifiki kilo moja kwa mita ya mraba, wakati ukuta wa matofali uliopigwa plasta unazidi kilo 150. Hiyo kilo moja itaongeza nini hapo?

Baadaye tulimwita fundi mzee wa ujenzi. Hakuugusa ukuta kwanza. Aliomba ngazi akapanda darini. Akatuita tuone: ukuta wa kati unaishia usawa wa dari. Juu yake, chini ya mabati, ni uwazi mtupu kutoka kwetu hadi kwa jirani, na mwanga wa taa yao unapenya kwenye nafasi za mbao. Sauti ilikuwa inapanda na kushuka huko. Nyumba nyingi za kupangisha zimejengwa hivi ili kuokoa matofali, kwa hiyo angalieni darini kabla ya kununua chochote. Dawa yake ni mwenye nyumba akubali ukuta upandishwe hadi kwenye mabati, upigwe plasta na kuzibwa kingo. Mkague na soketi: zikiwa zimetazamana pande mbili za ukuta, sauti hupita hapo.

Ukuta ukishazibwa na bado unasikika, kuna kazi ya kweli ya kufanya: fremu ya mbao isiyogusa ukuta wa zamani, pamba ya mawe (rockwool) ndani yake, bodi za jipsamu safu mbili juu yake, kingo zote zizibwe. Itakula kama sentimita 10 za chumba, na besi nzito ya spika bado itapita kiasi. Fundi atakayekuahidi kimya kabisa anakudanganya naye.

Pesa zinaweza kurudi, lakini moto ndio unaoninyima usingizi. Sponji ya kawaida ya aina ya godoro hushika moto upesi na moshi wake ni sumu. Mwaka 2003 huko Rhode Island, Marekani, watu 100 walikufa katika klabu ya The Station baada ya fataki kuwasha sponji zilizobandikwa kuzuia sauti. Mwaka 2013 watu 242 wakafa katika klabu ya Kiss, Santa Maria, Brazili, kwa chanzo hichohicho. Hawa wetu walizibandika kuzunguka soketi ya umeme, juu ya kitanda cha mtoto. Tumezibandua zote. Gundi imeondoka na rangi na vipande vya plasta, na mwenye nyumba anatudai matengenezo.

Dalili za kuwatambua: hawana duka unaloweza kufika, wanataka sehemu kubwa ya malipo kabla ya kazi, na jina linalotokea unapotuma pesa kwa simu si lile la tangazo. Risiti yetu imeandikwa "sponji za mapambo". Sasa wanajitetea kwamba hawakuuza kitu cha kuzuia sauti.

Kama mmeshalipa, hifadhini ujumbe wote, picha na video ya tangazo kabla hawajaifuta. Madai yasiyozidi shilingi milioni 10 yanaweza kupelekwa kwenye utaratibu wa madai madogo mahakamani, bila wakili. Unaanza kwa kumpa mdaiwa notisi ya siku 14. Sisi tumeshapeleka notisi yetu.

Na anayetaka kununua bado, amtake muuzaji aandike kwenye risiti kwamba bidhaa inazuia sauti kupenya ukuta, kwa kiasi gani, na kwamba haishiki moto. Akikataa kutia sahihi, usimpe hata shilingi ya usafiri.