Mafunzo ya kompyuta ya kujisomea nyumbani: yapi ulipie na yapi uchukue bure ukiwa Lamu

Wanaoniuliza habari za mafunzo ya kompyuta hapa Amu, mji wa Lamu, hawafanani. Yuko mwalimu wa chuo (madrasa) kule Langoni anayetaka kuchapa mtihani wa wanafunzi wake mwenyewe, asipeleke karatasi saiba kila muhula. Yuko katibu wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia fukwe, ambaye huandika kilo za samaki daftarini, na sasa ofisi inataka hesabu hizo ziletwe kwa Excel, programu ya majedwali na hesabu. Yuko dada anayesimamia nyumba ya wageni Shela, anayehitaji ankara safi ya kumtumia mgeni kabla hajapanda mashua. Wote wamenunua laptopu iliyotumika, na wote huuliza: nilipie kozi gani?

Wengi wao hawana haja ya kulipia chochote kwa miezi ya mwanzo. Mimi hupima mafunzo kwa swali moja kabla ya mengine yote: je, somo linakupa faili ya kufanyia mazoezi? Kumtazama mtu akibofya hakumfundishi mtu Excel. Unahitaji jedwali lilelile la mwalimu kwenye mashine yako, usimamishe somo, ufanye kwa mkono wako, kisha ulinganishe majibu. Kozi isiyo na faili hiyo, hata iwe na saa arubaini za video, mimi huishusha chini.

Swali la pili ni bando. Saa moja ya video ya ubora wa kati, ule wa 480, huweza kula nusu giga hivi. Kozi ya bure yenye video tupu yaweza kukugharimu kuliko ya kulipia. Na nyumba zetu za mawe, kuta zake nene, mtandao hauingii vizuri vyumbani. Kwa hiyo lenye thamani ni somo unaloweza kulipakua ukiwa juu darini, halafu ukashuka nalo ukalisoma kwa utulivu hata umeme ukiwa umekatika.

La tatu ni toleo la programu, na hapa ndipo watu huumia bila kujua. Fungua Word, programu ya kuandikia, nenda File, halafu Account (kwenye toleo la 2010 ni Help), usome umeandikiwa nini. Laptopu nyingi zilizotumika huja na Office, yaani Word, Excel na wenzao, ya 2016 au ya kabla yake. Ukinunua kozi iliyorekodiwa kwa Microsoft 365, Office mpya ya kulipia kila mara, mwalimu atakufundisha fomula ya XLOOKUP, ya kutafuta kitu ndani ya jedwali, nawe utaiandika vilevile na Excel yako itaikataa, maana toleo la 2016 halina fomula hiyo, lina VLOOKUP. Mwanafunzi mgeni hudhani kosa ni lake, akafunga mashine. Namsikitikia sana mtu huyu, kwa sababu hakukosea popote.

Nafasi ya kwanza: GCFGlobal, bure

Ni tovuti ya taasisi ya Goodwill ya North Carolina, Marekani, na hakuna ninayoipendekeza zaidi kwa anayeanza kabisa. Inaanzia mahali pa kweli: kipanya hushikwaje, kubofya mara mbili ni nini, folda ni nini. Masomo ya Office yamegawanywa kwa matoleo, Word 2010 mbali, 2013 mbali, 2016 mbali, kwa hiyo unasoma ile iliyo mbele ya macho yako. Kila somo lina maandishi na picha pamoja na video, na hili kwetu ni jambo kubwa: ukiiacha video ukasoma maandishi, bando lako linadumu. Ukurasa unaweza kuuhifadhi kama PDF. Na masomo mengi ya Word na Excel yana faili ya mazoezi ya kupakua.

Upungufu wake ni lugha. Hakuna Kiswahili, na mifano ni ya dola na anwani za Marekani. Kiingereza chake hata hivyo ni chepesi, sentensi fupi, na mtu aliyemaliza shule ya msingi akiwa na kijana pembeni wa kumwuliza neno mojamoja atafika. Dola zibadilishe mwenyewe: badala ya orodha yao ya bidhaa, andika kofia za vito ulizouza na bei zake. Utaelewa haraka zaidi.

Nikuombe jambo moja: usiibadilishe Windows yako iwe ya Kiswahili wakati unasoma masomo ya Kiingereza. Lugha hiyo ipo kwenye mipangilio ya Windows 10 na mimi naifurahia, lakini somo likikwambia bofya kitufe fulani, wewe utakuwa na jina jingine kwenye skrini.

Nafasi ya pili: LibreOffice pamoja na kitabu chake, bure

Office ya laptopu iliyotumika mara nyingi haina leseni, na baada ya muda hukataa kuhariri. Badala ya kumlipa mtu akuwekee ya wizi, weka LibreOffice. Ina cha kuandikia barua, ina cha kufanyia hesabu, na watengenezaji wake hutoa vitabu vya mwongozo katika PDF, vya kupakua bila malipo. Ukishapakua programu na kitabu siku moja, huhitaji mtandao tena. Kwa mtu wa Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, mbali na mji, hii ningeiweka ya kwanza. Kwa aliye mjini naiweka ya pili kwa sababu kitabu hakina sauti ya mwalimu, na wengi hushindwa kusoma kurasa nyingi peke yao.

Nafasi ya tatu: video za Kiswahili za YouTube

Zipo nyingi, hasa za walimu wa Tanzania, na kusikia maelezo kwa lugha yako huondoa hofu ya siku za mwanzo. Tafuta mwalimu mwenye orodha iliyopangwa kuanzia somo la kwanza. Video mojamoja zitakuchanganya. Weka simu kando ya laptopu, punguza kasi iwe 0.75, na pakua ndani ya programu ya simu pale kitufe kinapokuwepo. Faili za mazoezi ni nadra, ndiyo sababu nimezishusha.

Nafasi ya nne, na ya kwanza kwa pesa: kozi moja ya Udemy

Ukishajua kuchapa, kuhifadhi na kutafuta faili, na sasa una kazi maalumu kama hesabu za BMU, hapo lipia. Udemy ni tovuti ya kuuza kozi; unalipa mara moja na kozi inabaki kwenye akaunti yako. Usinunue kwa bei kamili. Punguzo hurudi mara kwa mara, na hushusha bei sana. Tazama video za majaribio, angalia kama kuna faili za kupakua, angalia toleo la Excel linalotajwa. Kozi nyingi zinarudishiwa pesa ndani ya siku 30, basi siku hizo zitumie kweli, usiiweke kozi ukaisahau. Asiye na kadi ya benki anaweza kutumia M-Pesa Global Pay, kadi ya Visa isiyo ya plastiki iliyoanza 2022. Cheti cha Udemy usikitegemee kwa kazi ya serikali.

Alison, tovuti ya kozi ya Ayalandi, inakuruhusu kusoma bure na kulipia cheti ukikitaka. Matangazo yake ni mengi na humvuruga mgeni wa kompyuta asiyejua kipi ni somo na kipi ni tangazo. Ajira Digital, mpango wa serikali ulioanza 2016, ni mzuri na ni bure, ila ni wa kijana anayetafuta kazi za mtandaoni. Fika huko baadaye.

Za kuacha kwa sasa

Tovuti za Coursera na LinkedIn Learning zina walimu bora, lakini malipo ya kila mwezi hayamfai anayejifunza polepole. Muda wa majaribio ukiisha na kadi yako iko pale, pesa inakatwa hata kama hukufungua somo. Mzee anayesoma baada ya isha, siku ana nafasi na siku hana, atalipia miezi asiyoitumia.

Flashi za "kozi kamili" zinazouzwa mkononi usinunue kabisa. Ni video zilizonakiliwa, nyingi za Office 2007, na flashi iliyopita kwenye mashine za watu wengi huleta virusi. Pesa hiyo nunua kipanya cha waya. Kibao cha kugusa cha laptopu kinamsumbua mno mtu anayeanza, na Microsoft wenyewe walipoweka mchezo wa karata wa Solitaire ndani ya Windows mwaka 1990, watu wengi walijifunzia humo kuburuta kwa kipanya. Cheza karata hizo kwa wiki ya kwanza, halafu fungua somo la kwanza la GCFGlobal.